Tundu la Kupitishia Chumvi

"Kabla ya kigelegele, sikiliza ukuta." Mmemsikia jirani akiwatupia maneno hayo sasa hivi, mkacheka, mkaniuliza ukuta una nini cha kusema. Basi kaeni. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilizaliwa katika nyumba ya safu, na ilianza na ugomvi.

"Tume ya uchaguzi imegawanyika, nawe unauita huo ushindi?" Saumu alikuwa amesimama katikati ya chumba cha Mbeyu, mikono kiunoni. "Makamishna wamekataa kutia saini, wametoka nje, umewaona kwa macho yako!"

"Nimewaona, shoga. Aliyeshindwa hakosi mlango wa kutokea," Mbeyu akajibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Chumba kilijaa, kama kawaida. Mbeyu hakuweza kukaa peke yake; kwake hata chai bila maneno haikushuka. Televisheni ilikuwa yake, ila antena aliipandisha juu ya bati Chirau, mume wa Saumu. Vyumba vya wanawake hao wawili vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na ukutani mlikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, la kupitishia chumvi, kiberiti na umbea.

"Na huyo bwana wako aliyekwenda kuandamana," Mbeyu akaongeza, "mwambie arudi. Antena inayumba."

"Huyo unayemcheka ndiye aliyekupa picha unayoitazama," Saumu akasema, akatoka. Punde tundu likazibwa kwa kitambaa, na redio yake ikaanza kunguruma upande wa pili.

Kioo cha televisheni kilikuwa kimegawanywa nusu kwa nusu. Kulia, ukumbi wenye zulia, mwenyekiti wa tume akipanga karatasi zake. Kushoto, barabara ya sokoni, moshi, watu wakikimbia wameinama. Sauti ilikuwa ya ukumbini tu. Barabara ilikimbia kimya, na macho ya wote yalikuwa kulia.

Mwenyekiti akakohoa. Hapo redio ya Saumu ikazimwa ghafla.

"Amezima!" Mbeyu akapiga makofi. "Yamemshinda!"

Bi Nyevu, mpangaji wa chumba cha mwisho, akainua kichwa. "Mbeyu, mwenye hasira huongeza sauti. Redio inazimwa kwa jambo jingine."

"Bi Nyevu nawe! Tuache tufurahi."

Jina la mgombea wa Mbeyu likatajwa, cheti kikakabidhiwa. Mbeyu akapiga kigelegele. Akapiga cha pili. Cha tatu alikwenda kukipigia tunduni, mdomo kwenye kitambaa, kimfike mwenyewe.

Alijibiwa na kilio, wala hakikuwa kilio cha mtu aliyeshindwa kura. Kila mwanamke aliyekuwa mle alikijua. Simu ilikuwa imetangulia cheti: Chirau amepigwa risasi sokoni, amekufa palepale, katika ile nusu ya kioo isiyokuwa na sauti. Saumu alikuwa amezima redio kama zinavyozimwa redio pale nyumba inapoingiliwa na msiba.

Matanga yote Mbeyu alipika. Saumu hakumfukuza, alisema tu, "Weka hapo," na sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Kesi ya kupinga matokeo ikafika mahakamani, ikaisha, mtu akaapishwa, lakini kwa Mbeyu hakuingia yeyote kutazama. Televisheni ilifunikwa kanga. Wale waliocheka naye siku ile ndio waliolipeleka jambo la kigelegele bombani, kwenye foleni ya maji, likatiwa chumvi, likarudi limenona. Sasa walipita mlangoni pake wakitazama chini.

Mbeyu akabaki na ukuta. Kila jioni alikaa akiuelekea. Alijifunza kikohozi cha Saumu, mlio wa mwiko wake sufuriani, hata namna alivyokivuta kigoda. Jioni moja alisikia sahani zikipangwa. Moja. Ya pili. Kisha kimya, kirefu, na sahani moja ikarudishwa polepole mahali pake.

Mbeyu akaziba mdomo kwa upindo wa kanga asisikike akilia.

Kitambaa kikavutwa tunduni.

"Mbeyu."

"Abee."

"Unakaa hapo kila siku. Nakusikia unavyopumua."

"Nipo, dada yangu."

"Umekula?"

"Bado."

"Nimesonga ugali kwa kipimo kilekile. Mkono umekataa kujifunza."

Mbeyu akapiga magoti, uso karibu na tundu. "Saumu, siku ile mimi... Redio niliisikia ilivyozimwa. Niliisikia kabisa, nikadhani..."

"Siku ile usinisimulie. Mimi nilikuwa upande huu." Sauti ya Saumu haikuwa na hasira wala msamaha, ilikuwa imechoka tu. "Siku nyingine, kabla ya kigelegele, sikiliza ukuta. Sasa zunguka mlangoni, uingie ule. Ugali unapoa."