Kobe Aliyesifiwa Upole

Wapendwa, hebu niazimeni masikio. Palikuwa na fundi saa mmoja, mgane. Mkewe alipofariki nyumba ilinyamaza, hata akawa anasikia friji ikinguruma kutoka chumbani. Watoto walipiga simu sikukuu kwa sikukuu. Akasema moyoni: nitafute kiumbe cha kukaa nacho.

Akaenda kwa bwana mmoja aliyezalisha kobe uani kwake. Kobe wengi walikuwa wakipandana kugombea mchicha. Mmoja alijikalia pembeni, macho ameyafumba.

"Chukua huyu, mzee," mfugaji akamwambia. "Ndiye mpole kuliko wote. Hana usumbufu."

Fundi akafurahi, akampakata hadi nyumbani. Akamtandikia kanga ya marehemu, akamkatia mchicha, akamsimulia jinsi mkewe alivyokuwa akicheka peke yake jikoni. Ndugu zangu, mtu hufikia wapi mpaka amsimulie kobe? Siku ya nne kobe alikuwa hajala kitu, na puani alitoa mapovu.

Daktari wa mifugo, binti mdogo tu, akaligusa gamba. Likabonyea.

"Babu, amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nimchukue. Ni mpole tu."

"Kobe mzima ukimshika hurusha miguu, babu. Huyu anaumwa, tena ni miezi. Hana hata nguvu za kukukataa."

Jumamosi kobe akafa. Fundi akarudi kwa mfugaji.

"Ulijua?"

"Sikujua, mzee wangu. Kobe halii. Ningejuaje?"

"Si ulikuwa unampita kila asubuhi ukimwaga mchicha?"



Jumapili fundi akaja kanisani. Mlangoni watu watatu wakampa mkono. "Mzee wetu mpole! Habari za nyumbani?" Akajibu, "Nzuri." Akaketi benchi la nyuma, akaimba, akatoa sadaka, akaenda zake. Hakuna aliyejua kwamba alfajiri ile alikuwa ametoka kufukia kiumbe pekee kilichokuwa kikimsikiliza.

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnamlaumu mfugaji, eti? Mimi pia nilimlaumu, mpaka nilipofika pale mlangoni. Maana wale watatu ni sisi. Mtu asiyetusumbua tunamwita mtu wa Mungu. Hagombani na mtu, haombi apelekwe hospitali, hakosi ibada. Basi tunamsifu, tunampita. Na wewe unayenisikiliza huko nyuma, uliyesema "nzuri" asubuhi ya leo huku moyo unakuuma, nisamehe. Mkono wako niliushika mimi mwenyewe, nikauachia upesi nimsalimie mwenye maneno mengi.

Tukitoka leo, usimwulize mtu habari, maana jibu unalijua. Mwambie, "Leo nakuja kula kwako." Akikwambia hajapika, nendeni mkapike.