Mkeka wa Mzee Shomvi

Hadithi inabisha hodi, sogeeni! Mzee Shomvi msuluhishi alikuwa na mkeka wa ajabu: mtu akikiri kosa, unajikunja na kuwasogeza wagomvi karibu. Siku moja, hoi kwa uchovu, alilipatanisha zimwi na Bi Kibibi.

"Nilikula mbuzi wako," zimwi likasema. Mkeka ukajikunja.

"Nami niliyacheka meno yako." Ukajikunja tena.

"Nitakuchungia waliobaki." Magoti yakagusana.

Shomvi akajikokota nyumbani. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa amefunga mizigo aondoke. Shomvi akatandika mkeka, wakaketi huku na huku.

"Mke wangu, nimechoka." Mkeka kimya.

"Kazi ni nyingi." Kimya.

"Nimekosa. Nawasikiliza wote isipokuwa wewe."

Mkeka ukamvuta hadi mapajani kwa mkewe.

"Nina mengi," Mwanaidi akasema. "Lala kwanza. Kesho utasikiliza."

Hadithi imefika kwake, nasi tulale.