Mama Aliyesubiri Kigari Cheupe

Wapendwa, kabla sijafungua Neno niwaambie kwa nini leo nimeingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Msidhani ni unyenyekevu. Ni magari yenu! Mmeyapanga mpaka mlangoni, mengine yamepanda juu ya maua ya akina mama, na yote ni marefu, jamani, yote. Nimezunguka uwanja mzima nikitafuta gari la chini, zile saluni zenye buti nyuma, ambazo miaka ile kila aliyetoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi alikuja nazo. Nimeikuta moja tu, nayo ni yangu. Msicheke. Inatembea.

Basi nikawa najipenyeza katikati ya haya mashangingi, boneti zinanifika kifuani, taa zake zinanitazama usoni, na nikashikwa na woga. Naam, woga, mtu mzima na joho langu mkononi. Mahubiri niliyoandaa usiku wa jana nitayatoa mwakani, maana leo woga huo umenipa mfano. Kama utamgusa mtu, asinune. Aangalie tu mbele kama wenzake.

Palikuwa na bwana mmoja, mtoto wa huku mlimani, anauza vifaa vya ujenzi huko Dar. Jina lake silitaji. Mkewe alimwita Baba Aika, na sisi tumwite hivyo. Alikuwa na kigari cheupe, cha chini, cha miaka mingi. Kigari hicho ndicho kilichomwahisha mkewe hospitali siku ya kumzaa Aika, na kila Desemba kilipanda mlima huu kikihema, kimejaa watu na mchele, na kilifika.

Mama yake alikuwa mjane, mgongo umepinda, macho yameingia ukungu. Siku ya mwanawe kuja, alishuka asubuhi na kigoda chake mpaka pale njia ya kwao inapotoka barabara kubwa, penye ua wa mimea ya masale, akakaa. Nyuso za watu alikuwa hazitambui tena, lakini kile kitu cheupe kinachotambaa chini alikijua tangu kikiwa mbali. Kikishakata kona, yeye alikwenda kusimama mbele yake, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti yenye moto, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wapita njia wakasimama. Akimaliza, alizunguka, akafungua mlango, akajitupa kitini kama anayekaa kitandani kwake. Ndipo wakaenda nyumbani. Ilikuwa hivyo miaka yote, na usipompa nafasi ya boneti yake, Krismasi ilikuwa bado haijafika.

Sasa, ninyi mnaijua Desemba yetu. Watu hawaulizi umefikaje, wanauliza umefika na nini. Mwaka mmoja ukoo ulikutana kwa baba mkubwa, magari marefu yakapangwa juu penye nyasi, kigari cheupe kikasukumwa chini kwenye migomba, karibu na banda la ng'ombe. Binamu yake, mtu wa maneno, akapaza sauti mbele za watu: "Ndugu yangu, hicho kisahani chako kisogeze, tusije tukakikanyaga!"

Watu walicheka mpaka pombe ya mbege ikawamwagikia. Baba Aika naye alicheka, tena kwa nguvu kuliko wote. Lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu hapo akaanza kuogopa. Hakuogopa majambazi wala ugonjwa, aliogopa kuonekana yuko chini. Huko Dar akiwa kwenye foleni, kushoto gari refu, kulia gari refu, yeye anaona matairi tu na vitasa vya milango, anajiona kama mtu aliyeanguka kwenye shimo na watu wanapita juu. Alianza kuzitafuta saluni wenzake barabarani, akaona zinapungua. Jirani kauza yake. Mzee wa mtaa kauza yake. Kila iliyopotea ilimwongezea hofu, kama mtu anayesikia ugonjwa uko nyumba ya tatu, mara uko nyumba ya pili. Mnacheka? Ni nani hapa hajawahi kununua kitu kwa sababu ya woga?

Akaenda kwa muuza magari. Yule akakizunguka kigari cheupe, akatikisa kichwa. "Bosi, saluni siku hizi haziendi. Nikiziweka hapa zinaota nyasi. Watu wanataka kukaa juu."

"Na mimi nikikaa juu?"

"Aa, ukikaa juu, bosi, unamwona kila mtu!"

Lishikeni neno hilo, wapendwa. Unamwona kila mtu.

Akabadilishana. Kigari cheupe kikabaki pale, akaondoka na dude jeusi, vioo vyeusi, pua imeinuka, pembeni lina ngazi ya kupandia. Mkewe akamwuliza, "Mama umemwambia?"

"Nimwambie ya nini? Nataka ashtuke."

"Kwa macho yale, atakujuaje?"

"Mama ashindwe kumjua mwanawe? Acha hizo." Na ili siri isivuje, siku ya safari simu akazizima zote.

Wakapanda. Enhe, huku mlimani watu wakawapisha! Wazee walivua kofia, waendesha pikipiki waliingia majanini. Alipofika penye duka la binamu yake alipunguza mwendo makusudi, akapiga honi. Binamu akatoka, akakodoa, akarukia gari lake na kuwafuata nyuma aone huyu mkubwa ni nani. Baba Aika alisikia raha ya ajabu. Ile hofu ya mwaka mzima ilimtoka kama jasho la homa.

Wakafika pale kwenye masale. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kwao ni tope. Mkewe akasema, "Mama yule pale." Kweli, alikuwa amesimama kando ya kigoda chake, kitenge kichwani, anawatazama. Baba Aika akampungia mkono, akasahau kwamba vioo ni vyeusi. Mama hakupunga. Alikuwa anawatazama jinsi watu wanavyotazama gari la polisi linaposimama mlangoni kwao.

Mara honi ikalia nyuma. Ni binamu. Na Baba Aika, badala ya kutazama mbele, akainua macho kwenye kioo aione sura ya binamu itakavyokuwa. Aliitaka sana sura hiyo. Mkono ukazungusha usukani, gari likakata kona, likaingia njia ya kwao.

Likasikika gu! Kitu kikavunjika chini ya tairi.

Akakanyaga breki. Mkewe akasema polepole, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwake, "Baba Aika. Mama alikuwa hapo mbele."

"Mbele wapi?"

"Hapo. Alikuja mbele ya gari sasa hivi."

Akatazama mbele. Aliona boneti nyeusi inang'aa, akaona migomba, akaona bati la nyumba yao kule juu, akaona mpaka msalaba wa kanisa na theluji ya mlima. Kwenye kioo alimwona binamu. Alimwona kila mtu, wapendwa, kama alivyoahidiwa. Mtu mmoja tu hakumwona, yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

"Shuka," mkewe akasema.

Hakuweza. Aliendelea kuushika usukani. Aliogopa kurudi nyuma asije akamkanyaga tena, aliogopa kwenda mbele, aliogopa kuzima injini kwa sababu ikizima atasikia chochote kilichopo huko chini, au hatasikia kitu. Nyuma Aika akaanza kulia, "Bibi! Bibi yuko wapi?" Na yule baba akaomba kimoyomoyo, ee Mungu, nirudishie jana, nirudishie kile kisahani, nicheke na wanaonicheka mpaka nife. Mmewahi kuomba ombi la namna hiyo? Mimi nimeketi na watu waliokuwa wakiliomba, kwenye mabenchi ya hospitali. Linaombwa kwa uchungu sana, na jana hairudi.

Hatimaye akafungua mlango, akaikanyaga ile ngazi, akashuka. Akainama, kwanza akaona kandambili moja, imegeuka juu chini topeni. Akajilazimisha kutazama chini ya tairi.

Kilikuwa kigoda. Kimesagika.

Ndipo akasikia mtu anakohoa upande wa pili. Mama yake alikuwa ameketi ndani ya mfereji, chini ya masale, matope mpaka kifuani. Bampa ilikuwa imemgusa bega, akajitupa. Alikuwa hai! Na mkononi alikuwa ameshika jani la sale, amelichuma hapo hapo, analiinua juu kumwelekea yule mtu aliyeshuka. Ninyi wa huku mnajua sale ni nini. Mtu akikuletea jani hilo anakuomba msamaha, na hata uwe na hasira kiasi gani, unasamehe.

"Nisamehe, mheshimiwa," mama akasema. "Kosa ni langu, nimesimama njiani kwako. Kama mmekuja kupima shamba, mimi sina neno. Mwanangu anakuja leo, mtaongea naye."

Baba Aika akazunguka gari, akamsogelea.

Mama akaona kimya kile ni hasira, akazidi kuogopa, akaliinua sale juu zaidi. "Nilikuja mbele ya gari nikuulize tu, baba. Tangu asubuhi nasubiri, simu yake haipatikani. Huko chini ulikotoka hukukutana na kigari cheupe? Wapita njia wanasema kuna kimoja kimeingia chini ya lori. Nakusihi niambie kweli. Si cha mwanangu?"

Na wakati anauliza, hakuwa anamtazama mwanawe. Alikuwa anatazama pembeni yake, nyuma yake, kule barabarani.

Sasa ninyi mngejibu nini? "Mama, ni mimi"? Angeliwezaje kulisema, na yeye ndiye lori? Akaanguka magotini pale topeni mbele yake, kichwa kikashuka mpaka usawa wa mikono ya mama. Mama akashtuka kuona mkubwa anapiga magoti. Akapapasa, akaweka viganja vyote viwili juu ya kile kichwa, kama alivyozoea kuviweka kwenye boneti, akavisogeza mpaka nyuma ya sikio, penye kovu la panga la utotoni. Vikasimama hapo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona hukuja na kile ninachokijua?"

Alilia kama mtoto, na binamu amesimama pale anatazama, na sura ya binamu wala hakuiona.

Wapendwa, msije mkanipigia simu kesho kwamba mchungaji kasema tukauze magari. Sijasema. Tope la huku mnalijua, na hayo marefu yatawatoa. Mimi nasema habari ya woga. Sisi tunapanda kwa sababu tunaogopa kuchekwa. Tunapanda cheo, tunapanda nyumba, tunapanda sauti, hata maombi yetu tumeyapandisha. Tukishafika juu tunasema, sasa namwona kila mtu, na aliye karibu, aliyetutangulia njiani tangu asubuhi na kigoda chake, ndiye tunayemsukumia mferejini. Halafu yeye ndiye anatuomba msamaha! Ni wangapi huko majumbani kwenu wameshika sale mbele yenu kwa sababu wanawaogopa, na ninyi mnadhani wanawaheshimu?

Lakini hilo siyo linalonitisha mimi zaidi. Yule mtoto tuliyemwimbia usiku wa kuamkia leo alilazwa horini, chini kabisa, mahali ambapo hata mbuzi alimwona usoni. Alikuja chini ili asipitwe na mtu. Na ipo siku atakuwa amesimama penye kona, anatusubiri. Tutafika, wewe na mimi, na ukubwa wetu wote, vioo vyeusi, honi juu. Naogopa, wapendwa, naogopa hasa, kwamba hatatukemea. Atatupisha tu. Atatazama pembeni yetu, nyuma yetu, kule barabarani, na atatuuliza: "Samahani, njiani mlikotoka hamkumwona mtoto wangu? Alikuwa mdogo. Nilikuwa namjua."

Tutajibu nini?

Tusimame tuombe. Na ninyi mlioziba mlango wa mbele, mkimaliza kuomba msikimbilie funguo. Tembeeni kwanza mpaka mbele ya boneti zenu, muiname, mtazame chini. Watoto wa shule ya Jumapili wametoka zamani, wanacheza huko uwanjani.