Mji Ulioongea na Simu Zilizokufa

Hapo zamani, tena si zamani ya majitu, zamani ya juzijuzi tu, simu zilipoanza kukunjwa kama chapati, palikuwa na mji uitwao Mwambaya. Watu wa Mwambaya walipenda kitu kipya kuliko wali wa sikukuu. Na wewe unayecheka hapo nyuma, tuonyeshe simu yako kwanza.

Kampuni moja ikasikia kwamba wenzao wanatengeneza simu ya kukunja. Ikataka kuwatangulia. Mafundi wakasema, "Bado." Bosi akasema, "Kesho." Mafundi wakasema, "Bosi, kioo hiki kinashikiliwa na ile nailoni iliyo juu yake. Mtu akiibandua, simu inakufa. Angalau tuandike onyo kwenye boksi." Bosi akasema, "Maboksi yameshachapwa. Kesho!" Haraka haraka haina baraka, lakini mwambie hivyo mtu anayekimbizana na mwenzake, uone kama atageuza shingo.

Simu zikafika Mwambaya. Matarumbeta yakalia, watu wakapanga foleni, wakanunua, wakarudi nyumbani kwa maringo. Sasa mtu akinunua kitu kipya hufanya nini? Hubandua nailoni. Wakabandua. Simu zikafa.

Sikieni ujinga, ndugu zangu. Kila mmoja alidhani iliyokufa ni yake peke yake. Na nani atakubali kuitwa mshamba? Basi wakaendelea kutembea nazo. Sokoni, msibani, harusini: wanakunja, wanakunjua, wanaweka sikioni. "Haloo! Nipo kikaoni, nitakupigia!" Mji mzima ukawa unaongea na maiti. Siri ya maiti aijuaye mwosha, na Mwambaya kila mtu alikuwa mwosha wa maiti yake.

Wa kwanza kuchoka alikuwa Pandu, kinyozi wa pale stendi. Siku moja harusini, ukumbi umejaa pomoni, alimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Jamani, yangu imekufa," akasema. "Nimebandua nailoni, imekufa. Nimechoka kuongea peke yangu kama mwendawazimu."

Mnadhani walimpigia makofi? Walimcheka mpaka bibi harusi akafuta machozi. Na waliocheka kwa sauti kubwa zaidi ndio waliokuwa na maiti mfukoni.

Habari zikamfikia bosi. Akatangaza redioni, "Simu zetu ni nzima. Washamba wa Mwambaya ndio wasiojua kuzitumia." Hapo mji ukapata jina baya. Mtu wa Mwambaya akifika mji wa jirani anaulizwa, "Ninyi ndio mnaomenya simu kama ndizi?" Hasira zote zikamwangukia Pandu, eti ndiye aliyewaletea tusi. Kiti chake cha kunyolea kikakaa kitupu. Lakini hakufuta kauli. Kila aliyepita alimwambia, "Yangu imekufa. Na yako imekufa. Itoe tuione."

Wa pili alikuwa Bi Zamoyoni, muuza vitenge, ambaye akisema neno sokoni, wanawake wote hulisikia. Kampuni ililijua hilo. Ikamtuma kijana wake na simu mpya, nzima.

"Shangazi, chukua hii, unyamaze."

"Nikinyamaza," akasema Bi Zamoyoni, "Pandu atabeba peke yake aibu ambayo ni yetu sote. Toka na kifurushi chako!"

Akajitwika beseni, akaweka ndani maiti yake mwenyewe kwanza, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Shoga, toa maiti."

"Maiti gani?"

"Ile uliyokuwa unaongea nayo jana msibani."

Watu wakacheka, safari hii wakajicheka wenyewe. Wakatoa. Beseni likajaa, likaletwa jingine. Mji mzima ukaandamana kwa ngoma hadi duka la kampuni, Pandu mbele.

Bosi akatoka na suti yake, hana hata jasho. Akamnyooshea kidole mama mmoja katikati ya umati, aliyeshika simu inayowaka.

"Simu ya mama yule ni nzima," akasema. "Kama simu ni mbovu, mbona yake inafanya kazi?"

Ngoma zikanyamaza. Ilikuwa kweli.

Mama huyo ni Sikudhani, mjane, mtu asiyebandua nailoni ya kitu chochote. Sofa lake lina nailoni, ukikaa linalia. Rimoti ina nailoni. Friji lina nailoni. Walimtania mpaka wakachoka. Katika simu ile alikuwa anamwona mjukuu wake aliyezaliwa ughaibuni, mtoto ambaye hajawahi kumpakata. Picha za meno yake ya kwanza zilikuwa humo, na hazikuwa mahali pengine.

"Njoo mama," bosi akasema, "waonyeshe wenzako mtu mstaarabu anavyotunza simu."

Sikudhani akasogea. Akaikunjua simu, akambusu mjukuu kwenye kioo. Iliuma, jamani, hata kuisimulia inauma. Akasema, "Bosi, tangu niolewe sijabandua nailoni ya kitu. Leo nabandua."

Bosi akapiga ukelele, "Mama, usibandue! Itakufa!"

"Kumbe unajua!" akasema Pandu.

"Kumbe unajua!" ukasema mji mzima.

Lakini ukucha ulikuwa umeshaingia. Kioo kikawa cheusi, na mtoto akapotea.

Basi bosi akarudi redioni, sauti imelegea. "Watu wa Mwambaya hawana kosa. Kosa ni haraka yangu." Kila mtu akarudishiwa pesa zake. Vigelegele! Ngoma! Kiti cha Pandu kikagombewa. Na kwa desturi ya Mwambaya, anayeuchafulia mji jina hulipa fahali. Bosi akalipa fahali, tena mnene, na wale wa mji wa jirani waliokuwa wakitucheka wakaja kula bila aibu.

Sasa nundu. Mwambaya, nundu ya fahali wa faini haikatwi. Huliwa na mtu mmoja, aliyelisafisha jina la mji.

Pandu akasema, "Ni yangu. Nilisema kweli nikiwa peke yangu, nikachekwa, nikakosa riziki. Bila mimi, mngekuwa mnasema haloo mpaka leo."

Bi Zamoyoni akasema, "Ni yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ulisema, nani alikusikia? Mimi nilikataa hongo, nikawageuza waliokucheka wakaandamana nyuma yako."

Sikudhani akasema, "Ninyi nyote mlitoa simu zilizokufa. Mimi nilitoa iliyo hai."

"Lakini mama," Pandu akamjibu, "nilipochekwa ulikuwepo, na simu yako nzima mkobani, ukanyamaza."

"Na wewe ulisema kwa kuchoka," Bi Zamoyoni akamkata, "hukusema kwa ajili yetu."

"Nawe, shoga," Sikudhani akamalizia, "siku ile ya harusi uliongoza kicheko."

Na kila lililosemwa lilikuwa kweli. Nundu iko kwenye sinia, inafuka moshi, na mafuta yakishaganda haina utamu tena. Mpishi ananitazama mimi, nami nawatazama ninyi. Je, nani alistahili?