Jiko la Bure la Bi Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba zenye milango, na mlango wa mtu ukiheshimiwa, alikuwapo Bi Kiboko. Nimesema mlango ukiheshimiwa! Siyo nyinyi mnaoingia kwangu kama upepo. Siku zile hata Simba, akifika kwa Kobe, alisimama nje akapiga hodi. Akipiga mara tatu bila kuitikiwa, anarudi zake. Na ukipigiwa hodi, uwe na furaha, uwe na ugomvi na huyo mtu, sharti uitikie karibu. Shikeni hilo, msije mkaniuliza baadaye.

Basi, Bi Kiboko alikuwa mpishi hodari, ila moto ulimtesa. Mdomo wake mnaujua. Akiinama kupuliza mafiga, fuuuu! majivu yote juu, ndani ya ugali, machoni mwa mumewe, kila mahali.

"Mke wangu," Bwana Kiboko husema huku akipangusa macho, "leo tunakula ugali au tunakula majivu?"

"Kula unyamaze!"

Asubuhi moja wakasikia, "Hodi! Hodi humu!"

"Karibu!"

Akaingia Nguchiro, mdogo, mwembamba, macho yanacheza huku na huku. Kichwani kabeba jiko la udongo, jiko nene, tumbo limefura kama la mtu aliyetoka harusini.

"Shikamoo mama. Moshi wako nauona toka kwangu, nikakuonea huruma. Nimekuletea jiko linalotii."

"Linamtii nani?"

"Wewe! Tia makaa, halafu useme, Jiko, koleza!"

Bi Kiboko akatia makaa. Akakohoa kidogo, maana aliona haya kusema na jiko. "Jiko, koleza!"

Pe-pe-pe-pe-pe! Upepo ukavuma kutoka tumboni mwa jiko, makaa yakawa mekundu.

"Jiko, punguza!"

Tuli. Upepo ukakoma.

"Makubwa haya!" Bi Kiboko akapiga makofi. "Halina moshi, halina majivu!"

Bwana Kiboko akalizunguka jiko. "Sasa linasikiaje, na masikio halina?"

"Dawa, baba."

"Dawa gani?"

"Dawa ya kusikia."

Bwana Kiboko akatikisa kichwa, akaridhika. Hakuwa mtu wa maswali marefu, yule.

"Na wewe unataka nini?" akauliza Bi Kiboko.

"Sitaki kitu, mama! Ujirani tu. Ila tumbo lake usilifungue, dawa itatoka. Na kila siku lidondoshee punje za mahindi katika kitundu hiki. Jiko nalo linaona njaa."

Jiko linaona njaa, na mtu mzima anaitikia "haya"! Mnacheka? Ngojeni, mtajikuta nanyi mnajicheka wenyewe.

Haukupita muda, kila mkubwa alikuwa na jiko la Nguchiro. Nyati analo, Kifaru analo, Simba analo, Twiga katengenezewa refu. Aliyekataa ni Bi Tembo peke yake. "Mimi nala majani mabichi," alisema. "Jiko la nini?"

Huyo Bi Tembo ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kijiji. Wakigombana, wanakwenda barazani kwake. Yeye husikiliza, hugeuza kichwa taratibu, hutulia, kisha hukata shauri. Kwa kazi hiyo alipewa sega la kwanza la kila asali iliyorinwa. Sega hilo ndilo lililomkosesha Nguchiro usingizi.

Na Bi Tembo na Bi Kiboko walikuwa marafiki wa kuazimana vyungu. Siku moja wakipalilia shamba, Bi Tembo akaacha jembe.

"Mwenzangu, nina jambo. Sikio langu la kushoto limekufa. Halisikii hata radi. Wakijua, nani ataniletea shauri lake tena? Nakuambia wewe tu."

"Radi hiyohiyo inipige nikilitamka!" akasema Bi Kiboko. Na alikuwa anasema kweli, wanangu. Hakuwa na nia mbaya.

Kisimani alinyamaza. Shambani alinyamaza. Lakini jioni moja yuko jikoni kwake, na mume wake, mlango umefungwa. Nani asiyelegeza ulimi hapo?

"Jiko, koleza! Baba watoto, unajua kwa nini Bi Tembo hugeuza kichwa akisikiliza mashauri?"

"Anapima maneno."

"Anapima wapi! Anatafuta sikio zima! La kushoto limekufa!"

Akaigiza. Akageuza lile jichwa lake kubwa taratibu, akafumba jicho moja, akanyoosha shingo asiyokuwa nayo. Bwana Kiboko akacheka mpaka tonge likampalia. Naye Bi Kiboko akacheka, kwa! kwa! kwa! mpaka machozi. Kisha moyo ukamsuta kidogo. Akajiambia, ah, haya ni ya ndani, hayatoki hapa.

Siku ya baraza ikafika. Wanyama wamejaa, Bi Tembo yuko kitini. Nguchiro akasimama upande wake wa kushoto, akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Shikamoo, Bi Tembo!"

Bi Tembo kimya, anatazama mbele.

"Shikamoo, Bi Tembo!"

Kimya. Minong'ono ikaanza. Mtu kuamkiwa mbele za watu asiitikie! Nguchiro akahamia kulia, chwi, akasema kwa upole, "Nimekuamkia mara mbili, bibi. Sikio la kushoto limekufa, sivyo?"

"Haa!" wakapaza sauti. "Kumbe mwamuzi wetu husikia nusu nusu!"

Bi Tembo akageuza kichwa taratibu, akamtazama Bi Kiboko. "Nilimwambia mmoja tu," akasema.

Bi Kiboko angeweza kusema, nisamehe, nilimwambia mume wangu. Maneno yalifika mdomoni, akayameza.

"Mimi? Sijamwambia mtu! Naapa! Hata mume wangu hajui!"

Bwana Kiboko alikuwa amekaa ubavuni mwake. Akainama akatazama vidole vyake vya miguu.

Hivyo ndivyo Nguchiro alivyokaa kitini. Na alikuwa mwamuzi wa ajabu! Hujafungua mdomo, anakuambia, "Juzi ulimwita Kifaru mjinga, nyumbani kwako." Hujakana, anataja na chakula mlichokuwa mkipika. Simba akamshuku mkewe, Nyati akamshuku mama mkwe. Kijiji kizima kikawa kinatazamana kwa pembe ya jicho. Na mikungu ya ndizi, na asali, vyote kwa Nguchiro, ili anyamaze.

Nyumbani kwa Bi Kiboko napo hapakukalika.

"Wewe ndiye uliyetoa siri!" akamwambia mumewe.

"Mimi? Na nani aliyenipa?"

Bi Kiboko akaacha kwenda kisimani mchana wenzake wanapokwenda.

Asubuhi moja akasikia kishindo njiani, ndu, ndu, ndu. Akachungulia: Bi Tembo! Kabeba chungu alichoazima, anakirudisha. Mumewe Bi Kiboko yuko mtoni. Akaona haya, wanangu, haya za kutaka ardhi ipasuke. Mwili wote ule ukatoka kwa mlango wa nyuma, ukajibanza kwenye migomba.

"Hodi!" akaita Bi Tembo. Maana hata ukiwa na hasira, hodi ni hodi.

Bi Kiboko akajiziba mdomo.

"Hodi!"

Kutoitikia hodi, na mtu upo! Mamaye angekuwa hai angelia.

"Hodi humu!"

"Karibu! Karibu ndani, mama!"

Sauti nyembamba, kutoka ndani ya nyumba tupu! Bi Kiboko alishtuka mpaka mgomba ukaanguka, puu! Bi Tembo akazunguka, akamkuta kasimama na jani la mgomba kichwani.

"Ikiwa wewe uko huku," akasema Bi Tembo, "nani aliyenikaribisha?"

"Sijui, mwenzangu. Hamna mtu."

Wakaingia jikoni. Bi Tembo akalisogeza lile sikio lake moja karibu na jiko. Akatulia.

"Kuna mtu anahema humu."

Bi Kiboko akachukua mchi. Pa! Tumbo la jiko likapasuka. Ndani, kakaa kitako kwenye makapi ya mahindi, alikuwa Panya mtu mzima, masharubu yameungua, unyoya wa mbuni mkononi.

"Shikamooni," akasema Panya.

"Unafanya nini jikoni mwangu?"

"Napepea, mama."

"Unapepea tu?"

"Na nasikiliza. Jioni Nguchiro hupita nyuma ya ukuta, namwambia niliyoyasikia. Alisema atakayekataa atamla, yeye na wanawe. Tuko ndugu wengi, kila jiko mmoja wetu."

"Na mbona umeitikia?"

Panya akafuta masizi usoni. "Mama yetu alitulea vizuri. Hodi ya kwanza nilijikaza. Ya pili nikajiuma ulimi. Ya tatu ikanishinda. Nilidhani huyo mgeni atarudi bila kukaribishwa."

Bi Kiboko akakaa chini. Yote yakamrudia: siku aliyolia peke yake akimkumbuka mama yake, nyimbo anazoimba akidhani hamna mtu, mumewe anavyodekezwa akiumwa. Alijiona kama aliyevuliwa nguo njiani.

Ndipo Bi Tembo akauliza, polepole, "Na langu mimi, ulilisikia wapi?"

Panya akamtazama Bi Kiboko, akatazama chini. Lakini alikuwa mkweli. "Mama alimwambia baba. Akageuza kichwa, hivi." Akageuza kichwa chake kidogo, akafumba jicho, akanyoosha shingo. "Halafu wakacheka."

Bi Kiboko hakuwa na pa kuweka uso, na uso wenyewe ule si mdogo.

"Twende barazani," akasema Bi Tembo.

Wakapita kijijini mlango kwa mlango, na watu wakiwafuata. Kwa Nyati: "Hodi! Hodi! Hodi!" Nyati na mkewe wamesimama nje, na jikoni sauti, "Karibu!" Kwa Simba: "Karibu!" Kwa Kifaru: "Karibuni jamani!" Kwa Twiga, kutoka juu: "Karibuuu!" Mchi kwa mchi, majiko yakapasuliwa, panya wakatoka na nyoya zao wakiamkia watu wazima.

Nguchiro yuko kitini, asali mdomoni, akaona kijiji kizima kinamjia na michi.

"Mwizi wa maneno!" akanguruma Simba.

"Mwizi?" Nguchiro akaramba kidole. "Kuna neno hata moja nililolitunga mimi? Kifaru ni mjinga, nani alisema? Ugali wa mke wa Nyati ni mbichi, nani alisema? Semeni, nani?"

Wakubwa wote wale, pembe na meno na kwato, wakatazama mchanga. Walipoinua macho, chwiii! Nguchiro alikuwa kashapotelea majanini. Tangu siku hiyo hana kwao, analala katika mashimo ya wengine.

Bi Tembo akarudishwa kitini. Sasa wenye mashauri husimama kulia kwake, basi, wala hakuna aliyepungukiwa kitu.

Watu walipotawanyika, Bi Kiboko akamsogelea, upande wa kulia. "Nisamehe. Nilisema jikoni kwangu, na mume wangu. Sikujua kuna sikio."

"Ya jikoni nimekusamehe," akasema Bi Tembo. "Kila nyumba ina yake, hata yangu, na hakuna aliyepaswa kuyasikia. Ila barazani nilikutazama. Hapakuwa na panya pale. Nilikutazama wewe, ukaapa."

Akaenda zake.

Bi Kiboko akarudi nyumbani. Chungu kilikuwa pale Bi Tembo alipokiacha, mlangoni. Kwao chungu cha kuazima hurudishwa na kitu ndani, hata chumvi kidogo, ndiyo dalili kwamba tutaazimana tena. Akakifunua. Akaingiza mkono hadi chini, akapapasa.

Hamna. Hata punje.

Bi Kiboko akakiweka chini, akatembea mpaka mtoni, akaingia majini na aibu yake. Ndimo anamoshinda hadi leo. Mdomo kauzamisha usije ukasema, kabakiza juu macho na masikio tu, anatazama kama kuna mtu, anasikiliza kama kuna hodi.

Nami neno langu ni hili: kitu kinachokutii ukikiamrisha, wanangu, kinakusikia hata usipokiamrisha.