Funda la Kiboko Mbele ya Mama Mkwe

Nikisema "Inamwagika," nyinyi itikieni "Tumekinga."

Inamwagika.

— Tumekinga.

Mniwie radhi mapema, jamani, ngano hii naisimulia vibaya. Marehemu shangazi akiisimulia, watu walicheka mpaka wakalia. Nikiisimulia mimi, wanalia tu. Lakini shangazi hayupo, na nyinyi mmeshakaa.

Palikuwa na kiangazi kikali. Mto ulikuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima, na karibu kilibaki kisima kimoja. Sheria ya kisima ilikuwa hivi: kila mnyama mafunda matatu kwa siku, na kila mmoja apime kwa kinywa chake.

Njiwa akapiga mafunda yake matatu: chi, chi, chi. Twiga akapiga mafunda yake matatu: gudu, gudu, gudu. Kiboko akapiga mafunda yake matatu: gubulu, gubulu, gubulu. Kisima kikabaki tope.

Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye majabali, alikuja nyuma yao na wanawe, wakalamba tope. Kitinda mimba wake alikuwa amekauka midomo, hata kulia ameacha. Pimbi akamfuata Kiboko.

"Bwana Kiboko, leo umepiga mafunda mangapi?"

"Matatu. Sheria si ndiyo hiyo?"

"Hata mimi matatu. Ila yangu hayakulowesha ulimi."

"Sasa kinywa chako nilikiumba mimi?"

"Hapana, mzee, nimekuja kukusikitikia tu. Jana mgeni wa bonde la pili aliuliza funda la huku ni kiasi gani. Twiga akamjibu, 'Funda ni langu mimi.'"

Kiboko akageuka polepole. "Twiga? Yule mwenye midomo kama koleo?"

"Ndipo nikasema, nchi iwe na funda moja. Njiwa apimiwe hilo, Tembo hilo, Twiga hilo. Na litoke kinywani mwako."

"Twiga apimiwe kwa kinywa changu?"

"Kila siku ya Mungu."

"Mnangoja nini?"

Siku ya kupima, wanyama wote walifika kisimani. Mpango ulikuwa Kiboko apige funda moja, alitemee kwenye kibuyu, na kibuyu kikatwe pale maji yalipofika. Kiboko akajinyoosha, akaanza kupanua kinywa, aaaa.

"Subiri kidogo, mzee," akasema Pimbi. "Mgeni rasmi hajakaa. Karibu, mama."

Kiboko akatazama. Mgeni rasmi ni mama mkwe wake.

Kinywa kikajifunga, pu. "Shikamoo, mama," akasema, macho chini.

"Marahaba, baba. Endelea tu, usinijali mimi."

Haya, nyinyi semeni. Nani anapanua kinywa mbele ya mama mkwe? Kiboko akabana midomo, akanyonya: chwi. Akatema: to, to, to.

"Ndilo funda lako lote, baba?"

"Lote, mama. Mimi huwa sinywi sana."

"Kumbe binti yangu ameolewa na mstaarabu."

Pimbi akakata kibuyu, krrr, krrr. Kikatoka kama kikombe cha chai. Akakichora mistari, sehemu kumi sawasawa, hata mtoto ahesabu kwa vidole.

Kesho yake Njiwa akapimiwa vitatu, Twiga vitatu, Pimbi na wanawe vitatu vitatu. Yule kitinda mimba akapata nguvu, akaanza kulia tena; hakuna aliyemnyamazisha. Kiboko naye akapimiwa vitatu: ti, ti, ti.

"Pimbi, hiki si kinywa changu."

"Inawezekana, mzee. Twende kwa mama, ukamwambie ulimdanganya."

Kiboko akageuza mgongo. Siku hiyo hiyo akafunga safari ya mtoni, akazama mpaka masikioni, na hajatoka hadi leo. Aliye ndani ya maji hapimiwi na mtu.

Imekauka.

— Tumekunywa.

Fundisho: kipimo kimoja kwa wote ni kitu kibaya sana, kinahamisha wakubwa. Na mbele ya wakwe, panua kinywa chako chote, usione haya. Mimi nililifuata fundisho hili siku ya posa: nikala, nikasema, nikapiga na miayo. Mpaka leo najipikia, na wakwe hawana kosa.