Mioyo Mitatu na Mkeka Mmoja Mkavu

Sogeeni, na msinikate kauli, maana leo nimechoka kama hao ninaowasimulia.

Kule kilimani palikuwa na ndugu watatu, tumbo moja, ila mioyo yao haikufanana hata kidogo. Mghoi, dada mkubwa, moyo ulimdunda kabla ya jambo. Akiona wingu tu, keshajishika kifua. Mwakio, kaka wa katikati, moyo ulimwenda mbio jambo likishafika, akapata nguvu asizojua zimetoka wapi. Na Wakesho, kitinda mimba? Wake ulitulia tuli. Watu wakamsema, "Yule binti hana moyo." Yalimuuma.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Asubuhi moja, wakiwa shambani, Mghoi akatupa jembe.

"Twendeni kwa mama. Moyo wangu umekataa kutulia."

"Yaleyale!" Mwakio akacheka. Wakaenda kumridhisha tu.

Lo! Nyumba imeporomoka, mama kalaliwa na boriti, pumzi zinamwishia. Wangechelewa kidogo, wangemkuta maiti.

Mwakio akaruka ndani. Aliikamata ile boriti, ambayo wanaume wawili huibeba kwa taabu, akaanza kuiinua peke yake.

"Acha kwanza!" akasema Wakesho, wala hakupiga kelele. "Ukiinua hivyo, ukuta uliobaki utamwangukia." Akang'oa nguzo za zizi, akautegemeza ukuta, akaujaribu kwa bega. "Haya, inua."

Mama akatolewa, mguu umevunjika, roho ipo.

Jirani akawapa chumba, na mkeka mkavu mmoja tu. Mama akasema kwa shida, "Mmechoka wanangu. Mmoja alale, wawili waniangalie."

"Alale dada," akasema Mwakio. "Bila yeye tungekuwa shambani bado."

"Mimi? Hata nikilala sitapata usingizi. Alale Mwakio, hebu ona anavyotetemeka."

Wakesho hakutajwa. Alikuwa anakoroga uji, katulia kama kawaida yake. Kumbe ndiyo kwanza moyo wake ulikuwa unaanza! Ulidunda hata mwiko ukamponyoka, akakaa chini analia. Hakuwahi kutamani kulala namna ile.

Mama akageuza shingo. "Kumbe na wewe, mwanangu?"

Basi, uji unaungua, mama hawezi kuachwa, na mkeka haujaongezeka. Je, wewe ungemlaza nani? Na hao wawili watakaobaki macho, ungewaambia nini?